Tunalipia nini shule binafsi, na nani anabaki kuisemea ya serikali?

Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Utaratibu wa miaka mingi ukaishia hapo. Kwa sisi wa Mbeya lilikuwa jambo la karibu, maana St. Francis Girls, shule ya wasichana ya Kanisa Katoliki iliyopo jijini kwetu, ilizoeleka kusomwa juu kabisa ya orodha ile, na zaidi ya mara moja ilisomwa ya kwanza Tanzania nzima. Hata mama anayeuza nyanya Mwanjelwa, ambaye hana binti pale, alitembea kifua mbele kila orodha ile iliposomwa hivyo.

Niliunga mkono uamuzi wa Baraza na bado nauunga mkono. Orodha ile ilitufanya tuamini kwamba shule binafsi inafundisha na ya serikali haifundishi, na imani hiyo imetugharimu. Wazazi imewagharimu fedha. Shule za umma imezigharimu watu, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi katika mjadala huu.

Tuanze na mchujo. Shule nyingi binafsi zenye majina zina mtihani wa kujiunga. Anaingia aliyefaulu, na akishaingia anawekewa wastani wa kufikia. Asipoufikia anaambiwa akariri darasa, au mzazi amtafutie shule nyingine. Wizara ya Elimu imekwishapiga marufuku kukaririsha na kuhamisha watoto kwa sababu ya wastani, lakini mzazi akiitwa ofisini na kuelezwa kwa upole kwamba mtoto wake angefaa zaidi kwingine, ni nadra aende kulalamika kwa mdhibiti ubora wa shule. Anahamisha tu, tena kimyakimya, kwa sababu anaona aibu. Ikifika Novemba, wanaoingia chumba cha mtihani ni wale waliobaki baada ya kuchekechwa mara tatu au nne. Wakipata daraja la kwanza wote, sifa ni yao na ya walimu wao, sina ubishi. Ila si halali kuwaweka kwenye mizani moja na sekondari ya kata huko Ilembo au Isuto, inayompokea kila aliyepangiwa, awe amefaulu kwa alama za juu au amepenya kwa tabu, awe anaishi jirani na uwanja wa shule au anashuka mlima alfajiri kwenye ukungu wa Julai.

Serikali yenyewe inaujua uwezo wa mchujo. Mzumbe, Ilboru, Kibaha, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana ni shule za umma zinazochukua watoto wenye vipaji maalumu, na matokeo yake yanasimama bega kwa bega na ya shule binafsi za gharama kubwa. Walimu wake ni waajiriwa wa serikali kama wa shule nyingine, ngazi za mshahara ni zilezile, mtaala ni uleule. Anayesema serikali haiwezi kuendesha shule nzuri aanze kwa kuangalia huko.

Hata hivyo ningekuwa simtendei haki mzazi anayelipa kama ningeishia kwenye mchujo. Shule binafsi ya msingi, hata ile ya kawaida kabisa ya Uyole au Mbalizi isiyo na jina kubwa, inampa mzazi vitu anavyoviona kwa macho yake kila jioni. Chukua lile daftari dogo la mawasiliano linalokaa kwenye begi la mtoto. Mwalimu anaandika mstari mmoja au miwili: hakumaliza uji leo, zoezi la hesabu limebaki maswali manne, anakohoa. Mzazi anasoma, anatia saini, asubuhi linarudi. Hakuna teknolojia yoyote pale, ni kalamu na karatasi. Lakini mstari ule unamwambia mzazi kwamba kuna mtu mzima aliyemwona mwanawe leo, akamtofautisha na wenzake, na kesho anaweza kuulizwa.

Sasa nenda kwa mwalimu wa darasa la pili katika shule ya serikali pembezoni mwa jiji, mwenye watoto themanini mbele yake. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na wanaofundisha katika kata zinazokua kwa kasi wanajua kiwango hicho kinavyopitwa. Akitumia dakika mbili tu kusahihisha kila daftari, daftari themanini zinamchukua saa mbili na dakika arobaini, kwa somo moja, kwa siku moja. Hawezi. Si mvivu, wala hakusoma chuo duni kuliko mwenzake wa shule binafsi. Mara nyingi amemzidi mwenzake huyo kwa mafunzo na kwa miaka kazini. Anachofanya ni kupitisha alama ya vema kwa haraka kwenye daftari zilizo juu ya rundo, na mtoto aliyekaa nyuma karibu na dirisha anaweza kufika darasa la nne hajui kusoma bila mtu yeyote kugundua. Tafiti za Uwezo, zinazopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilizoanza mwaka 2010 zilirudia kutuonyesha watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Tulishtuka mwaka ule, tukashtuka tena uliofuata, kisha tukazoea.

Halafu kuna chakula. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, na Njombe ni karibu hivyohivyo, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, viazi na maharage. Shule binafsi inampa mtoto uji saa nne na chakula mchana kwa sababu vimo ndani ya ada. Shule ya serikali inategemea debe la mahindi na kilo za maharage kutoka kwa wazazi baada ya mavuno. Utaratibu huo uliyumba sana kuanzia Januari 2016, Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulipoanza kutumika na ada kufutwa hadi kidato cha nne, na ukayumba zaidi Rais Magufuli alipozuia michango ya kila aina Januari 2018. Baadaye ilielezwa mara nyingi kwamba wazazi wanaweza kukubaliana wenyewe, kupitia kamati ya shule, kuwachangia watoto chakula. Lakini katika vijiji vingi lililosikika mara ya kwanza ndilo lililobaki masikioni: shule sasa ni kazi ya serikali. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni anafundishwa hesabu za sehemu saa saba mchana, na mwalimu anashangaa kwa nini haelewi.

Lakini ukiwauliza wazazi wengi wa hapa kwa nini wanalipa, hawataji uji wala daftari. Wanataja Kiingereza. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo sera inapowatoza wananchi kodi isiyo na risiti.

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma sayansi, hisabati na maarifa ya jamii kwa Kiswahili. Anayaelewa. Anaweza kukueleza kwa nini mvua inanyesha upande huu wa mlima Rungwe zaidi ya upande ule. Anafaulu, anapangiwa kidato cha kwanza, anapitishwa kwenye kozi fupi ya maandalizi ya lugha, halafu baiolojia, fizikia na jiografia zote zinahamia Kiingereza. Aliyekuwa anauliza maswali anakuwa bubu. Anaanza kunakili ubaoni maneno ambayo hawezi kuyasema kwa sauti. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilizungumzia kutumia Kiswahili hadi ngazi za juu; toleo la 2023 limebakiza Kiingereza kuanzia sekondari. Maadamu mlango huo uko pale, mzazi mwenye uwezo atamnunulia mwanawe ufunguo mapema, na ufunguo huo unauzwa kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza. Sehemu kubwa ya soko la shule binafsi za msingi Mbeya, Iringa, Njombe na Mafinga imejengwa juu ya pengo hilo la lugha kati ya darasa la saba na kidato cha kwanza. Likizibwa, wateja wengi wataanza kupiga hesabu upya.

Na bidhaa yenyewe si ya uhakika kama inavyotangazwa. Zipo shule ambazo Kiingereza cha walimu ni cha kubahatisha, na mtoto wa darasa la tatu anaimba aya nzima ya sayansi asiyoielewa, wageni wanapiga makofi siku ya mahafali. Ukimuuliza kwa Kiswahili jani la mahindi linapata wapi chakula chake, hajui. Amepoteza uelewa ambao mwenzake wa Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, anao, na Kiingereza cha kutosha hajakipata bado. Mzazi ambaye yeye mwenyewe hazungumzi lugha hiyo hana namna ya kupima anachouziwa. Anasikia mtoto anatamka, anaridhika.

Halmashauri nazo zimeingia humo. Ziko shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza ambazo wazazi wanalipia. Zinajaza haraka na baadhi zinafanya vizuri. Mimi zinanitia wasiwasi, kwa sababu umma unapoanza kuuza kwa wachache kile ambacho uliamua kutowapa wengi, umeshakubali kwamba kinahitajika.

Vijana wa leo wanaweza kudhani shule binafsi ndiyo imekuwa ya heshima siku zote. Nyanda za Juu Kusini tuna historia ya kinyume. Malangali ilianza mwaka 1928 ikiwa shule ya serikali ya kikoloni, na Tosamaganga ilikuwa ya wamisionari Wakatoliki. Majengo ya Mkwawa pale Iringa, ambapo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwa shule ya watoto wa Wazungu, ikiitwa St. Michael's and St. George's. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za taasisi za dini mikononi mwa serikali ili mtoto wa Mwislamu, wa Mlutheri na wa asiye na dini wakae dawati moja. Mtoto wa kijijini Makete aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali ya bweni alisindikizwa na ukoo mzima, na serikali ilimpa hadi nauli.

Tatizo nafasi zilikuwa chache mno. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaza shule za msingi, lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Miaka ya 1980 wananchi wakaanza kujijengea. Njombe na Mufindi walichangishana kupitia mifuko ya maendeleo ya wilaya, malipo ya kahawa, chai na mbao yakakatwa kidogokidogo, makanisa ya Kilutheri, Moravian na Katoliki yakafungua zake, na Jumuiya ya Wazazi ya CCM nayo ikafungua zake. Kufikia mwisho wa muongo ule sekondari zisizo za serikali zilikuwa zimezidi za serikali kwa idadi nchini. Na zilikuwa kimbilio. Aliyesoma huko alikuwa yule ambaye hakuchaguliwa, na wazazi wake walieleza hivyo kwa majirani kwa sauti ya chini.

Shule za kata ndizo zilizogeuza meza. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na ile kampeni kali ya ujenzi kuanzia 2006, vilileta sekondari karibu kila kata. Shule binafsi za kimbilio zikakosa kazi. Nyingi zilibaki na mabweni yenye vioo vilivyovunjika na wanafunzi wa kuhesabika, na ukipita barabara ya Mbeya hadi Makambako utaziona baadhi. Zilizosalimika ni zile za juu, zenye mchujo na nidhamu ya chuma. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri kabla serikali haijayafuta na kuyapanga upya. Kwa maoni yangu mwaka ule ndio uliovunja imani ya tabaka la kati. Mfanyakazi wa benki, muuguzi, mfanyabiashara wa mbao, na mwalimu wa serikali mwenyewe, waliamua watoto wao hawatakuwa sehemu ya takwimu ile.

Sioni kosa lao. Mtoto anakua mara moja, hangoji sera irekebishwe. Lakini gharama waliyoibeba ni kubwa kuliko tunavyokiri, hasa katika mikoa inayoishi kwa msimu.

Ada haijui msimu. Januari inatakiwa awamu ya kwanza, na Januari ndiyo mwezi ambao mkulima wa mahindi amekwishatia fedha zake zote kwenye mbegu na mbolea. Juni mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, bei ikaporomoka wakati wa mavuno, na zuio lilipokuja kuondolewa wengi walikuwa wamekwishauza kwa hasara. Nyumba iliyopanga ada kwa gunia za mahindi ilijikuta na gunia zilezile na ada isiyotosha. Ndivyo inavyokuwa kwa viazi vya Uyole na parachichi za Rungwe pia: mwaka huu neema, mwaka ujao dalali anapanga bei anayotaka. Mtoto anarudishwa nyumbani katikati ya muhula akiwa na karatasi ya deni, wenzake wakimtazama anavyofunga begi. Akihamishiwa shule ya serikali mwezi wa tano, anaanza upya lugha ya kujifunzia, marafiki na mwendo wa kufundishwa, yote kwa pamoja.

Ndani ya nyumba moja nako kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Familia yenye watoto wanne inaweza kumsomesha mmoja shule binafsi na kuwaacha watatu Kayumba. Mara nyingi wa kulipiwa hachaguliwi kwa akili yake. Anaamuliwa na mwaka aliofikisha umri wa kuanza shule: kama ulikuwa mwaka mzuri wa viazi alivaa sare yenye tai na kupanda basi la njano, na kama ulikuwa mbaya alibeba kidumu cha maji na fagio. Miaka kumi baadaye wanakaa meza moja siku ya Krismasi, mmoja anajieleza bila woga mbele ya wageni, wengine wananyamaza. Mama mmoja aliwatambulisha wanawe kwangu hivi: huyu ni msomi wetu, na hawa ni wa nyumbani. Alisema kwa mapenzi kabisa, hakukusudia baya. Yule wa pili kuzaliwa alitazama chini.

Mabweni ya watoto wadogo nayaona kuwa hasara isiyo na mjadala. Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka 2023 ulizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ulichelewa. Tulikuwa tumefikia mahali pa kumpeleka mtoto wa miaka sita akalale na wageni kwenye baridi ya Mufindi ili siku moja apate wastani mzuri.

Kuna udhaifu mwingine wa shule binafsi ambao mzazi hauoni hadi umkute. Walimu wake wengi ni vijana wenye mikataba, wakingoja ajira za serikali. Majina ya ajira mpya yakitoka TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, shule inaweza kupoteza mwalimu wa fizikia na wa hisabati wiki moja, wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Siwalaumu. Serikalini kuna pensheni, bima na mkopo wa benki. Mwalimu wa sekondari ya kata anaweza kukaa miaka ishirini, akawajua wazazi, kaka na dada za mwanafunzi. Hazina hiyo ipo kwenye shule za umma tayari, imelipiwa, ila imezidiwa na wingi wa watoto.

Sasa nifike kwenye kile nilichosema kimetugharimu zaidi.

Nimehudhuria mikutano ya wazazi ya pande zote mbili. Katika shule binafsi, wazazi walimbana mkurugenzi saa nzima kwa sababu basi lilibadilishiwa njia na watoto wanafika nyumbani saa kumi na mbili jioni. Alijitetea, akashindwa, njia ikarudishwa. Katika shule ya msingi ya serikali, ndani ya jiji hilihili, ajenda ilikuwa matundu ya vyoo. Wazazi waliofika walikaa kwenye madawati ya watoto, wengi wao kina mama na mabibi wanaolea wajukuu, na mwalimu mkuu akasoma taarifa ya mapato na matumizi kwa kasi. Hakuna aliyeuliza watoto wangapi wa darasa la tatu wanajua kusoma. Hakuna aliyeuliza ruzuku ya serikali kwa shule imeingia kiasi gani. Walikuwa na akili za kuuliza. Hawakuwa na uzoefu wa kujibiwa. Waliozoea kujibiwa, yaani mhasibu, wakili, diwani, mwenye duka la pembejeo, watoto wao wako kwenye basi la njano.

Tazama ilivyo hesabu ya ruzuku ambayo hakuna aliyeiuliza. Kiwango kilichozoeleka ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambapo 4,000 zinabaki kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinakwenda shuleni. Shule ya wanafunzi 800 inapata shilingi milioni 4.8 kwa mwaka mzima kwa chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Ada ya mwaka katika shule nyingi binafsi za mjini inavuka milioni moja kwa mtoto. Ni kweli serikali inalipa mishahara na kujenga madarasa nje ya ruzuku hiyo, na ulinganisho kamili lazima uvihesabu vyote. Lakini fedha ambayo mwalimu mkuu anaweza kuigusa akitaka kubadilisha kitu shuleni kwake ni hiyo, na ni sawa na ada ya watoto wasiofika watano. Kama watoto wa wakubwa wa halmashauri wangekuwa wanakaa kwenye madarasa yale, kiwango hicho kisingedumu miaka yote hii bila kelele.

Ushahidi wa hilo ni kidato cha tano. Wazazi walewale waliozikimbia shule za umma kwa miaka kumi na moja wanazirudia kwa hamu mtoto akimaliza kidato cha nne. Wanataka Tosamaganga, Malangali, Ifunda, Iyunga, Loleza. Baada ya hapo wanataka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkwawa au chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita nayo imefutwa, kwa hiyo familia iliyoweza kulipa mamilioni inapata bila ada ngazi ambayo watoto wengi wa Kayumba hawaifikii. Sipingi kufutwa kwa ada hiyo. Ninachosema ni kwamba tabaka lenye sauti halijaikataa elimu ya umma. Limeikataa katika umri wa miaka sita hadi kumi na sita, umri ambao nchi nzima inapita, na huko ndiko ilikobaki bila wa kuisemea.

Wapo wanaotaka watumishi wa umma walazimishwe kusomesha watoto wao shule za serikali. Siungi mkono, huwezi kumtoa mtoto kafara ili mzazi wake apige kelele. Ila zipo hatua ambazo hazimlazimishi mtu. Halmashauri ibandike kwenye lango la kila shule, kila muhula, idadi ya wanafunzi, idadi ya walimu waliopo kweli darasani, ruzuku iliyopokelewa, na watoto wangapi wa darasa la tatu wanasoma bila kubabaika. Walimu wenye Kiingereza safi wapangiwe madarasa ya mwanzo kufundisha somo hilo, badala ya kukusanywa kwenye shule mbili tatu za kulipia. Kamati za shule ziwe na nafasi za wakazi wa mtaa wenye ujuzi hata kama watoto wao hawasomi pale, maana kodi yao inasoma pale. Na chakula cha mchana kiingie kwenye bajeti ya kata kama dawati linavyoingia.

Hili lina tarehe. Chini ya mtaala mpya ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita, na elimu ya lazima miaka kumi. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwaka 2021 serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000, na Januari iliyofuata watoto waliingia bila kungoja awamu ya pili ya uchaguzi. Kwa hiyo madarasa yanawezekana nia ikiwepo. Walimu wa fizikia na hisabati hawajengwi kwa miezi mitatu. Shule binafsi za mikoa yetu hazina nafasi ya kulibeba kundi hilo, na hata kama zingekuwa nayo, wazazi wengi hawana ada.

Kwa hiyo swali la kupeleka kwenye mkutano wa kata, kwa diwani na kwa afisa elimu, iwe mtoto wako anasoma wapi, ni hili: Januari 2028 sekondari ya kata yetu itapokea wanafunzi wangapi wa kidato cha kwanza, watakaa mikondo mingapi, na nani atawafundisha? Wajibu kwa majina na idadi, na majibu yabandikwe langoni.